Biashara ya kutengeneza tovuti: gharama kubwa haina risiti

Anayefungua duka anaiona hesabu yake kwa macho: pango, rafu, mzigo wa kwanza. Anayeanza biashara ya kutengeneza tovuti haoni kitu. Kompyuta anayo, intaneti anayo, programu nyingi anazipata bure. Ndiyo maana ukiwauliza walio ndani ya kazi hii mtaji unaotakiwa, utapewa majibu mawili yanayopigana. Mmoja atakwambia alianza bila senti mfukoni. Mwingine atakwambia alimaliza akiba yote na bado akafunga.

Wote wawili huenda wanasema kweli. Wa kwanza anahesabu vitu alivyonunua. Wa pili anahesabu miezi aliyokula huku akisubiri kulipwa. Gharama ya kuanza ni vyote viwili kwa pamoja, na cha pili mara nyingi ndicho kikubwa, ila hakina risiti, kwa hiyo hakiingii kwenye daftari. Nitaanza na vile vyenye risiti, maana navyo vina mitego yake, kisha tuingie kwenye miezi.

Jina moja, biashara nne

Maneno "kutengeneza tovuti" yamebeba biashara zisizofanana. Yupo anayemjengea mteja kwenye majukwaa ya tayari kama Wix, Squarespace au Shopify. Huyu anauza jicho lake na uvumilivu wa kupanga maudhui, na mteja analipia jukwaa mwenyewe. Vifaa vyake ni vichache kuliko vya wengine wote. Yupo anayetumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, akachagua mwonekano na plagini (vipande vya kuiongezea uwezo) na kuviunganisha mpaka vikubaliane. Yupo anayeandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, tangu mstari wa kwanza. Huyo hanunui vingi kuwashinda wenzake, lakini kila kazi inamla siku nyingi zaidi, na tutaona baadaye kwamba siku ndizo ghali.

Wa nne ni anayetaka kujenga jukwaa lenyewe ili watu wajitengenezee tovuti. Hapo umetoka kwenye ufundi, umeingia kiwandani. Squarespace ilizinduliwa mwaka 2004 na Anthony Casalena, ambaye aliianza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland, kwa kianzio cha dola 30,000 kutoka kwa baba yake. Programu aliiandika kwa mikono yake, bila mshahara. Simkatazi mtu ndoto hiyo, ila makala hii inawahusu watatu wa kwanza.

Ubure na mahali unapoishia

Msingi wa kazi hii kweli hauna ada. Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN, ambako Tim Berners-Lee alibuni wavuti, kiliiachia programu yake kuwa mali ya umma. Tangu hapo hakuna anayedaiwa mrabaha kwa sababu ametengeneza ukurasa. WordPress, iliyotoka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003, iko chini ya leseni ya GPL: unaitumia, unaibadilisha, unamjengea mteja na kumtoza, wala huombi ruhusa. Kihariri cha msimbo cha Visual Studio Code ni bure. Git ya kutunza matoleo ya kazi ni bure. Kwa picha na michoro, GIMP na Inkscape zinatosha kwa mwaka wa kwanza, hata kama vidole vitachelewa kuzizoea.

Ubure unaishia pale mteja anaposema, "Nataka na watu waweze kuweka nafasi humo humo." Fomu ya kuweka nafasi, duka lenye malipo, tovuti ya lugha mbili: kwa kila moja kuna plagini ya bure yenye nusu ya unachotaka na ya kulipia yenye nusu iliyobaki. Wengi hawaelewi wananunua nini hapo. Plagini nyingi za WordPress zenyewe ziko chini ya GPL. Unacholipia ni masasisho na msaada wa fundi wao kwa mwaka mmoja, kwa ufunguo unaohesabiwa kwa idadi ya tovuti. Mwaka ukiisha, plagini kwa kawaida haizimiki. Inabaki ilivyo huku masasisho yakikoma, na plagini isiyosasishwa ni dirisha lisilo na komeo.

Swali la maana basi ni ufunguo umenunuliwa kwa jina la nani. Ukinunua wewe, ukauweka kwenye tovuti za wateja kumi na usimwandikie yeyote ankara ya mwaka unaofuata, umejitwisha deni linalojirudia kwa niaba ya watu kumi. Mimi nashauri mteja anunue kwa jina lake na kadi yake, wewe ukiwa pembeni unamwelekeza. Wengine hununua leseni ya tovuti nyingi na kuigawa kwa ada ya matunzo. Hilo nalo linafaa, mradi ada hiyo iwepo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Picha ni mtego wa aina nyingine. Picha iliyookotwa kwenye matokeo ya utafutaji ina mwenyewe, na siku atakapoiona atamwandikia mteja wako, na mteja atakuangalia wewe. Kwenye maandishi kuna nafuu zaidi, kwa kuwa fonti za Google Fonts zina leseni huria zinazoruhusu matumizi ya kibiashara.

Kisha kuna zana za malipo ya kila mwezi. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa usajili wa kulipia, na kampuni nyingi zimefuata njia hiyo. Zamani fundi alitoa fedha nyingi mlangoni kisha akakaa kwa utulivu miaka. Sasa mlangoni hakuna kiingilio, ila unalipa kila mwezi ili usitolewe nje. Kwa anayeanza hili ni jema na baya kwa pamoja: mtaji wa siku ya kwanza umepungua, lakini usajili sita midogo midogo, kila mmoja ukionekana si kitu, hukutana tarehe moja na kukausha akaunti. Tunasema haba na haba hujaza kibaba; huku haba na haba hukimwaga. Kipimo changu ni kimoja. Zana ikikosekana wiki hii, je, kuna kazi ya mteja niliyonayo mkononi itakayokwama? Kama hakuna, inasubiri.

Domeni na mahali pa kuhosti

Hapa pana fedha ndogo na kelele nyingi, kwa hiyo ni vizuri kujua bei inatoka wapi.

Domeni (majina ya anwani za tovuti) za .com zinasimamiwa na kampuni ya Verisign, na bei ya jumla anayotozwa msajili, yaani kampuni inayokuuzia domeni, inajulikana. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 7.85 kwa mwaka. Kuanzia 2021 ilipandishwa kila Septemba hadi kufika dola 10.26 Septemba 2024. Juu yake kuna tozo ndogo ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, halafu faida ya msajili. Basi ukikuta tangazo la .com kwa dola moja, jua kuna mtu anabeba hasara ya mwaka wa kwanza, na anategemea kuirudisha mwaka wa pili kutoka kwako. Bei ya kuandika kwenye makisio ni ile ya kuhuisha. Hosting, yaani kukodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayotunza tovuti), nayo iko hivyo hivyo: bei kubwa ya rangi kwenye ukurasa mara nyingi ni ya mkataba wa kwanza tu, tena ukilipia miaka mitatu kwa mkupuo.

Wapo wanaouliza kama wawe wasajili wa domeni wenyewe ili faida ibaki nyumbani. Kuomba ithibati ya ICANN kuna ada ya dola 3,500, na ukikubaliwa unalipa dola 4,000 kila mwaka, mbali na mifumo ya kompyuta inayotakiwa. Kwa fundi wa tovuti hesabu hiyo haiingii akilini. Kuna njia ya uwakala kwa wasajili waliopo ambayo karibu haina kiingilio.

Tena, domeni isajiliwe kwa jina la mteja. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ya kinachotokea ikisahaulika. Domeni ya .com ikipita muda wa kulipiwa bila kuhuishwa, hupewa kwanza kipindi cha uvumilivu ambacho urefu wake unategemea msajili. Ikifutwa, kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada ambayo kwa kawaida ni kubwa mara kadhaa kuliko bei ya mwaka, kisha siku 5 za kusubiri, kisha inaachiwa yeyote mwenye mkono mwepesi. Kama jina lililoandikwa ni lako, barua pepe ya onyo imekuja kwako, na kadi iliyokwisha muda ni yako, basi kosa lote ni lako, kwa kitu cha dola kumi na kidogo.

Kuhosti kuna ngazi. Seva ya kushirikiana ni rahisi na inawatosha wateja wengi wadogo. Seva pepe ya binafsi inakupa uhuru pamoja na kazi ya kuilinda mwenyewe. Katikati kuna vifurushi vya wauzaji wa rejareja, ambavyo unavigawa na kuwatoza wateja kila mwezi. Wanaoanza huvutiwa na ngazi hiyo ya kati kwa sababu inaonekana kama mapato ya kulala. Mimi ningengoja. Ukiwa ndiye mwenye seva machoni pa mteja, tovuti ikizimika saa nane usiku simu inalia kwako, hata kama hitilafu iko kwa kampuni usiyoijua wafanyakazi wake. Kosa baya zaidi ni kuzijaza tovuti za wateja wote ndani ya akaunti moja ya bei rahisi bila kuzitenganisha: moja ikivamiwa, nyingine zimeshaguswa. Vifurushi vya bure vya kuhosti vipo na vingine ni vizuri, ila soma masharti, kwani baadhi vinaruhusu matumizi binafsi tu, na tovuti ya mteja anayelipa ni biashara.

Kwenye cheti cha usalama, kile kinachoficha mawasiliano kati ya tovuti na anayeitembelea, usilipe bila sababu. Mpaka mwaka 2015 karibu kila cheti kilinunuliwa. Desemba mwaka huo Let's Encrypt, mradi wa shirika lisilo la faida, ulifungua milango kwa umma na kuanza kutoa vyeti bure vya siku 90 vinavyojihuisha. Kampuni nyingi za kuhosti huviweka zenyewe. Bado wapo wanaouza cheti cha kawaida kama kitu cha lazima kwenye kapu la malipo.

Vifaa, makaratasi na kadi ya benki

Kompyuta ya kazi hii haihitaji kuwa ya ajabu. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya SSD ni raha, na nusu ya kumbukumbu hiyo inavumilika. Muhimu kuliko kasi ni nakala rudufu ya kila kazi, iwekwe mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Ukiwa na kompyuta tayari usiandike sifuri kwenye daftari. Itachakaa, na siku itakapokufa hutakuwa na mteja wa kukununulia nyingine. Gawa bei yake kwa miezi unayotarajia iishi na uweke kiasi hicho pembeni kila mwezi.

Usajili wa biashara, kodi na leseni vinategemea nchi uliko. Kisichotegemea nchi ni mkataba. Kumlipa mwanasheria mara moja akuandalie mkataba mmoja unaoweza kuutumia kwa wateja wengi ni miongoni mwa fedha chache za mwanzo ambazo sioni ubishi juu yake. Uwe na vitu vichache vinavyoeleweka: mteja ataleta maudhui lini, marekebisho ni ya mizunguko mingapi, nini kinatokea akikaa kimya, na haki za kazi zinahama lini. Ukiwa na wateja wanaokusanya taarifa za watu walioko Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inaweza kuwafuata popote walipo, na wao watakutegemea ujue.

Halafu kuna makato ya kupokea malipo. Kampuni za kadi na za kuhamisha fedha hukata asilimia fulani ya kila muamala, na kama mteja analipa kwa sarafu nyingine kuna makato ya pili yaliyojificha kwenye kiwango cha kubadilisha. Yaweke ndani ya bei yako, usiyakute mwisho wa mwezi.

Miezi isiyo na risiti

Sasa tufike kwenye kitovu. Ili tusibishane kuhusu sarafu, tupime kwa mafungu. Tuseme matumizi yako ya maisha kwa mwezi, kuanzia kodi ya nyumba mpaka nauli, ni mafungu 100. Zana, intaneti na hosting yako ni mafungu 10 kwa mwezi. Kompyuta ni mafungu 80. Tovuti moja unaiuza kwa mafungu 120, nusu mkononi kabla ya kazi, nusu siku ya kukabidhi. Namba ni za kubuni, lakini mwendo wake utautambua ukishafanya kazi hii.

Mwezi wa kwanza huna mteja. Unatengeneza tovuti yako na kazi mbili za mfano, unatuma ujumbe, unapungukiwa 110. Mwezi wa pili mteja wa kwanza anasaini na kutoa 60, kwa hiyo unapungukiwa 50. Mwezi wa tatu unategemea kumaliza, lakini hajaleta maandishi wala picha. Kwa bahati anaingia mteja wa pili na 60 zake, unapungukiwa 50 tena. Mwezi wa nne mteja wa kwanza anakabidhiwa na kumalizia 60, ukabaki na pengo la 50. Mwezi wa tano mteja wa pili anamalizia na wa tatu anatoa kianzio: 120 zimeingia, 110 zimetoka, umebakiwa na 10.

Jumlisha mapengo ya miezi minne: 260. Ongeza kompyuta: 340. Huo ndio mtaji wa kuanza. Ndani yake kompyuta ni 80 na zana za miezi minne ni 40. Mafungu 220 yaliyobaki ni maisha yako ya kawaida, yale ambayo ungeyatumia hata kama hungeanza biashara yoyote, ila safari hii hakuna aliyeyalipia. Aliyesema alianza bila senti huenda alikuwa na kompyuta na alikuwa anaishi kwa wazazi.

Angalia kinachotokea ukiwa mwoga wa kudai kianzio. Mauzo ni yale yale, wateja ni wale wale, lakini unalipwa baada ya kukabidhi. Miezi mitatu ya kwanza inakuwa 110 kila mmoja, na mtaji unapanda kutoka 340 hadi 410. Mteja wa kwanza akipotea mwezi wa nne bila kulipa, umefika 520. Hakuna punguzo la hosting litakaloziba pengo hilo. Sharti moja la malipo ndani ya mkataba lina uzito kuliko zana zote ulizokuwa unalinganisha bei.

Kinachorefusha miezi hiyo, kwa niliyoyaona, ni nadra kuwa msimbo. Ni maudhui. Mteja anajua anataka tovuti, hajui kwamba lazima mtu aandike ukurasa wa "Kuhusu sisi", na huyo mtu ni yeye. Wiki mbili zinakuwa sita. Kuna wanaoweka kipengele kwamba maudhui yakichelewa zaidi ya siku kadhaa, malipo ya mwisho yanadaiwa hata kama tovuti haijakamilika. Kuna wanaouza huduma ya uandishi ndani ya bei na kumaliza kabisa kungoja. Njia ya pili inakuongezea kazi, lakini kazi inalipwa, kungoja hakulipwi.

Tena si kila siku yako ni ya kuuza. Kutafuta wateja, kuandika makisio ambayo hayatajibiwa, kufuatilia ankara, kusoma masasisho yaliyovunja plagini ya jana, yote hayo yanakula siku za kazi. Ukipanga bei kana kwamba siku zote 20 za mwezi zitalipwa, umejidanganya tangu mwanzo. Anza na dhana kwamba nusu tu ndizo zinazolipwa. Bei ikitoka ya kutisha, heri ikutishe wewe sasa.

Kazi za bure kwa jamaa nazo zimo kwenye kundi hili. Watu husema ni njia ya kujenga jina. Mimi nimegundua kwamba anayepewa bure ndiye anayeomba marekebisho mengi kuliko wote, pengine kwa sababu hakuna ankara inayomwambia yamekwisha. Tovuti mbili za mfano kwa biashara za kubuni, ambazo mwisho wake unaamua wewe, hula siku pungufu na huonyesha uwezo ule ule.

Kuanza ukiwa na ajira

Njia ya wazi ya kufuta yale mafungu 220 ni kutoacha kazi. Jioni na mwisho wa wiki zinatosha kwa mteja mmoja, wakati mwingine wawili. Gharama haipotei, inabadilika sura: tovuti ya wiki tano inakuwa ya miezi mitatu, na wateja hupenda kupiga simu mchana. Kama ajira yako ina sharti kuhusu kazi za nje au umiliki wa unachokibuni, lisome kabla hujatoa ankara ya kwanza.

Wanaokusanya kidogo kidogo kwa njia hiyo huweka matumaini kwenye ada ya matunzo: masasisho, nakala rudufu, marekebisho madogo. Ni mapato mazuri, lakini tuyaweke kwenye mizani. Tuseme kila tovuti inalipa mafungu 2 kwa mwezi. Tovuti 5 zinalipia zana zako zote, na hapo biashara imeacha kula mfukoni mwako hata katika mwezi usio na mteja mpya. Ili zilipie na maisha yako zinatakiwa 55. Kila moja ikihitaji saa moja tu kwa mwezi, ni saa 55, karibu siku saba za kazi za saa nane kila mwezi kabla ya kuhesabu simu zinazoambatana nazo, na bado hujatengeneza tovuti mpya hata moja.